Kamera Yako Haijauzwa

Chepseon,
Jumatatu, mvua ikiwa imekatika

Kwako mjukuu wangu Janeffer,

Kwanza nikugombeze, salamu zitafuata. Krismasi ndiyo mara ya mwisho kukusikia mlangoni kwangu. Pasaka imepita, mahindi yamepandwa, yamepaliliwa, na sasa yanabeba, na wewe huonekani. Hata yule daktari wa ng'ombe, mtu asiyekuja mpaka abembelezwe, amefika hapa mara nyingi kuliko wewe. Nikikupigia simu unaniambia, Kogo, network inapotea, na hapo hapo inapotea kweli. Nairobi nzima inapotea kwako tu? Ndiyo maana nimeamua kuandika barua. Karatasi haina network.

Haya, sasa salamu. Chamgei, lakwet, mtoto wangu. Hujambo? Unakula? Usiniambie chai na mkate, hiyo ni kudanganya tumbo. Mimi mzima. Magoti yanalia asubuhi mpaka jua liyapashe moto. Macho ni yale yale uliyoyaacha, giza ni lile lile, tumeshazoeana nalo kama mtu na jirani msumbufu.

Anayeniandikia ni Wanjuhi, yule wa duka la karibu na posho mill. Unamjua. Baba yake alikuja hapa kutoka Murang'a mama yako akiwa bado anabebwa mgongoni, na leo huyu Wanjuhi ananitukana kwa Kikipsigis safi kuliko wajukuu zangu. Nimemwambia aandike ninavyosema, asinipambe. Tayari ameniuliza kama aondoe yale ya daktari wa ng'ombe. Nimekataa.

Habari za nyumbani si mbaya. Ng'ombe amezaa ndama jike, mweupe, wananiambia, mwenye doa begani. Mvua ya mawe ilitupiga mwezi uliopita, ikachana majani yote ya chai ya upande wa kijito. Tulikaa bila kuchuma kitu. Sasa miti imeanza kutoa machipukizi tena, na mjomba wako Kimeli ameacha kutembea kama mtu aliyefiwa.

Habari kubwa ni kwamba bibi yako siku hizi anapiga picha. Usicheke kwanza.

Kuna mtu anaitwa Seth, kwao ni upande wa Longisa. Haoni. Macho yalimwacha akiwa mtu mzima mwenye watoto. Alikuja kanisani kwetu, akasimama baada ya matangazo, akasema anataka watu wasioona waje ukumbini awafundishe kupiga picha. Kimeli alicheka mpaka akakohoa. Mimi nilisema kwa sauti ya kusikika kwamba wiki ijayo basi aje awafundishe kuku kuogelea. Lakini siku yenyewe ilipofika sikuwa na kazi, na nilikuwa nimesikia kutakuwa na chai na mandazi. Nikaenda.

Janeffer, yule mtu hana upuuzi. Alituambia tubane viwiko mbavuni ili mikono isitetemeke, kamera ikae karibu na mwili. Tukitaka kumpiga mtu, tumwache aongee, kwa sababu sauti inatoka mdomoni na mdomo uko usoni. Tusikilize jua liko wapi. Likikuchoma kisogo, yule aliye mbele yako uso wake una mwanga. Nilimwambia hayo nayajua. Kuku akila mahindi yangu uani nampata kwa gunzi, na sijawahi kumuuliza amesimama wapi. Seth akasema basi mimi niko darasa la pili tayari.

Shida ilikuwa kifaa. Wenzangu walikuja na simu kubwa za watoto wao. Mimi nina kabambe, simu ndogo ya vitufe ambayo kitu cha maana ndani yake ni tochi, na tochi hainisaidii. Seth akaniuliza kama nyumbani hakuna kamera yoyote.

Sasa Janeffer, kama umesimama, keti. Kamera yako haijauzwa.

Ulipompa Kimeli pale stendi ya Kericho akutafutie mnunuzi, ukamwambia umepata kazi ya ofisini na harusi za watu zimekuchosha, aliileta kwangu, kwa sababu nyumbani kwake kuna watoto wanaogusa kila kitu. Ikakaa chini ya kitanda changu. Mnunuzi alikuja kweli, kijana wa mjini mwenye viatu vinavyolia. Alinikuta nimekalia ule mfuko wa kamera. Nilimwambia amechelewa, mwenyewe ameshaichukua. Akaenda zake. Kimeli alininunia mpaka Jumapili, na hata kanisani alikaa benchi lingine.

Kwa hiyo nilikwenda kwa Seth na kamera ya maana kuliko wote pale ukumbini. Picha yangu ya kwanza ilikuwa kidole changu. Ya pili pua ya ng'ombe, pua peke yake, imejaa kama mlango. Ya tatu ilikuwa Kimeli bila kichwa. Nilimpelekea Wanjuhi aniangalizie, akaniambia, nzuri, Kogo. Nilimuuliza nzuri ni nini. Nzuri ni neno la kusomea wasifu wa marehemu. Niambie kuna nini. Akaanza kuniambia, kwanza kwa uchoyo, halafu akakolea, na sasa ukimpa picha moja atakupa na umbea wa kila mtu aliye ndani. Nimemsikia amecheka hapa. Andika, Wanjuhi.

Siku moja nilienda kituoni majani yakipimwa. Unakumbuka kelele za pale, mabati, wanawake wanasukumana na vikapu, mizani inalia. Nikainua kamera. Karani akapiga kelele kwamba hakuna ruhusa ya kupiga picha hapo, nani amenituma kupeleleza mizani. Nikamgeuzia uso wangu wote na kumuuliza, mimi kipofu nitakupeleleza na nini, na masikio? Kituo kizima kiliangua kicheko. Naye akacheka, masikini, akaja akasimama karibu na mizani, akaniuliza kama kofia yake imekaa sawa. Akaniuliza mimi! Nikamwambia imekaa vizuri sana. Wanjuhi anasema kofia ilikuwa imepinda, na ndiyo picha ambayo Seth ameitundika ukumbini mbele ya zote.

Lakini mimi nampenda Kimeli. Nasema ile picha yake, ingawa na mwenyewe pia nampenda. Nilimpiga akichuma majani. Nilifuata ile sauti ya majani kukatika mpaka nikamkaribia, na hakujua. Wanjuhi alinieleza: ameinama, kikapu mgongoni, koti la mvua linang'aa, na mvi zimemjaa pembeni mwa kichwa. Nikamwambia arudie. Akarudia. Mvi, Kogo, nyingi.

Janeffer, hakuna mtu aliyekuwa ameniambia mwanangu ana mvi. Kichwani mwangu alikuwa bado yule wa nywele nyeusi niliyemwona mwisho. Miaka yote hii nimekuwa nikimkaripia kama kijana. Alipokuja kuchukua ndoo za maziwa nilimwita, nikamshika kichwa, nikakipapasa taratibu. Akaniuliza kuna nini, mama. Nikamwambia hakuna kitu, aende akakamue.

Sasa tuje kwa jambo lenyewe. Nimeanza na kuku na karani ili usikunje barua mapema.

Siku niliyoitoa ile kamera mfukoni mara ya kwanza, mkanda wake ulikuwa unanukia yale mafuta yako ya kujipaka. Nikakaa nayo pajani kidogo, nakunusa. Halafu nikaipapasa, kama ninavyopapasa kila kitu kigeni. Kwenye kitufe cha kupigia nikakuta tone gumu, dogo kama chembe ya wimbi. Cha kuwashia kina matone mawili. Kile cha kuzungusha pembeni kina mstari. Nilimpa Wanjuhi, akakwaruza na ukucha, akasema ni rangi ya kucha, nyekundu, labda ilikumwagikia. Nikamuuliza ni rangi gani hii inayomwagika ikichagua vitufe.

Mkebe wangu wa chumvi una uzi shingoni ili nisiuchanganye na wa sukari. Mtu anayeona haweki alama ya kushika. Hana haja nayo.

Hapo Krismasi yote ikanirudia. Uliipiga ndoo ya maziwa teke pale mlangoni, ukamlaumu mke wa Kimeli kwamba ameiweka vibaya, na ile ndoo inakaa hapo tangu ukiwa mtoto. Nilisikia bega lako likikwaruza ukuta ulipokuwa unaenda jikoni. Mama Rebeccah wa jirani alisimama kando yako jioni, akangoja salamu, hukumpa, akaenda kutangaza kwamba Nairobi imekufundisha kiburi. Lakini mkwaruzo ule wa bega naujua. Ni wangu. Hata mimi ilianza hivyo, kando kukafungwa kwanza, katikati kukabaki, na mimi nikawa nadhani watu wameanza kuacha vitu njiani.

Kwa hiyo najua, mjukuu wangu. Najua ni kwa nini kamera, ni kwa nini ofisi ambayo hujawahi kuniambia jina lake, ni kwa nini network. Nilisema moyoni, atasema mwenyewe akiwa tayari. Nimengoja mpaka mahindi yamebeba, na sasa kungoja kumenishinda.

Sijamwambia Kimeli. Sijamwambia mama yako. Hilo ni lako kusema, siku yako. Anayejua ni Wanjuhi tu, kwa sababu bila mkono wake singeandika, na ameapa kwa Biblia ya duka lake. Ameacha kuandika kidogo anapangusa macho. Nimemwambia asilowanishe karatasi. Na kama umekuwa ukijiuliza mbona barua hii ni nene hivi na herufi zake ni kubwa kama za bango, ni kwa sababu nimemwamuru atumie ile kalamu yake nyeusi ya kuandikia magunia. Nilitaka uisome mwenyewe, bila kumpa mtu.

Nisikilize. Mimi nilipofika kliniki ya macho hakukuwa na kitu cha kuokoa, na daktari aliniambia siku ile kwamba ugonjwa huu unapenda kutembea kwenye damu ya watu wa nyumba moja. Wewe katikati bado kupo. Kama hujaenda kupimwa, nenda wiki hii. Wakikupa matone, uyaweke kila siku walivyosema, hata siku unayoona vizuri, hata siku umekasirika. Hasa siku umekasirika.

Mengine siyajui. Sijui kama utapiga harusi tena. Sitakuambia kwamba tusioona tunaona kwa moyo, maana Seth mwenyewe huwaka akiambiwa hivyo, na juzi amegonga paji la uso kwenye mlango wa ukumbi mpaka likavimba. Giza ni giza. Nililia ndani yake zaidi ya mwaka, na hukujua, kwa sababu nililia nikiwa naosha vibuyu vya maziwa ya mursik. Lakini hili nalijua: Seth alishangaa jinsi nilivyoishika ile kamera haraka, na mimi nikamwacha ashangae. Ni matone yako yaliyonionyesha. Kila nilipotaka kupiga, kidole changu kilikwenda pale kidole chako kilipokuwa. Yule Kimeli mwenye mvi, tumempiga mimi na wewe. Picha yenyewe nimeiweka ndani ya bahasha hii. Iangalie karibu, huku ukiwa na mwanga wa kutosha, halafu uniambie kuna nini. Usiniambie nzuri.

Na usifikiri umeniletea huzuni. Huzuni ni ile ya kukaa huku nikijua kwamba unazigusa kuta za nyumba ya kupanga peke yako, ukijifunza kwa siri kitu ambacho bibi yako angeweza kukufundisha kwa miezi michache, na matusi bure.

Kimeli anakusalimu, ameshaacha kununa. Mama yako Tecla alipita hapa kutoka Soin na nyanya nyingi kuliko tunavyoweza kula, anakusalimu pia, anauliza kama unaolewa au huolewi. Nimemwambia akuache. Wanjuhi anasema nawe umsalimie Nairobi, ingawa haijui. Mungu akutangulie unapotoka na unaporudi, na kurudi ndiko ninakokuombea zaidi.

Ni mimi bibi yako anayekupenda kwa hasira,
Kogo Tapkigen

Nimemzuia Wanjuhi asifunge bahasha. Ukija, na ni lazima uje kabla mahindi hayajavunwa, panda gari la asubuhi ufike jua likiwa juu. Mvua imechimba shimo jipya kando ya lango letu, upande wa kulia. Ukifika hapo simama, uniite, nije nikushike mkono. Na usithubutu kuniambia umeliona.