Fungu Nililolitenga Kwenye Mashine

Jumatatu, 7 Machi

Kompyuta imegoma tena saa nne asubuhi, hesabu za mvua za kuwashauri wakulima zikiwa nusu. Mara ya tatu. Tumeiwasha upya, na kuiwasha upya kunafuta kila kitu, kwa hiyo hakuna ajuaye kilichoiangusha. Ndugu Mhando, mkuu wa kitengo, anajua. "Ni programu zako, Felista." Mbele ya wote. Programu zangu hazina kosa.

Jumanne, 8 Machi

Nimepata njia. Nitenge fungu dogo la kumbukumbu ya mashine, kazi yoyote isiliguse. Humo niweke programu fupi ya kungoja tu. Programu kuu inayoendesha mashine ikianguka, hii iamke, inakili kumbukumbu yote kwenye utepe wa sumaku kabla hatujawasha upya. Tutaona mashine ilikuwa inafanya nini.

Nimemwomba ruhusa Ndugu Mhando. Kacheka. "Kumbukumbu yenyewe haitutoshi, wewe unataka nyingine ikae bure?"

Nimelitenga.

Ijumaa, 11 Machi

Imeanguka. Utepe mtupu. Nimechora ramani ya kumbukumbu nikaona upumbavu wangu: nililiweka fungu ubavuni mwa majedwali ya kazi. Bila shaka yamefurika, yakaandika juu yake. Aibu.

Mhando kagundua. Barua ya onyo: niliondoe Jumatatu, la sivyo nihamishiwe Turiani kuandika mahudhurio ya vibarua.

Siondoi. Nimelihamishia mwisho kabisa wa kumbukumbu, mbali na majedwali.

Jumapili, 13 Machi

Mkuyuni, kwa mama. Nimemweleza yote. Hakuacha kupukuchua maharage.

"Ukiliondoa watasema una hatia."

"Na nisipoliondoa?"

"Watasema hivyo hivyo. Basi liache."

Jumatatu, 14 Machi

Nimejibu barua. Sentensi moja: fungu haliondoki mpaka mashine ianguke mara moja zaidi. Nimesaini majina yote matatu. Naogopa. Turiani sitaki.

Jumatano, 16 Machi

Saa tano na dakika kumi. Imeanguka, na utepe ukaanza kuzunguka wenyewe. Asha, mwendesha mashine, kanishika mkono.

Tumechapa yote. Nimesoma karatasi mpaka saa kumi jioni. Jedwali la vituo vya mvua lina nafasi arobaini. Tangu vituo vya Turiani viongezwe, viko arobaini na vitatu. Vile vitatu vinaandikwa juu ya programu kuu, nayo inakufa.

Jedwali ni la Mhando. Jina lake liko mwanzoni mwa programu yenye jedwali hilo.

Nimefurahi vibaya. Karatasi nimemwekea mezani, mistari mitatu nimeizungushia wino mwekundu.

Alhamisi, 17 Machi

Hakuja kazini.

Ijumaa, 18 Machi

Kaja na kiti chake mpaka mezani kwangu. Hakuomba radhi. Barua ya onyo bado iko kwenye faili langu. Jedwali kalipanua mwenyewe asubuhi, na hesabu zimefika mwisho. Wakulima wa Gairo watapata ushauri wa mbegu kabla ya kupanda.

"Nionyeshe karatasi hizi zinavyosomwa," kasema.

Nimemwonyesha, karatasi moja moja. Anauliza maswali ya maana. Wenzetu wameondoka, sisi bado.

Sijamsamehe. Nimempisha nusu ya meza.