Kosa Lako Alilojitwika Mama

Mtaa wa Couillard,
Quebec Mjini.
9 Oktoba

Mpendwa mdogo wangu Réjean,

Habari za Calgary? Natumaini mgongo umekupa nafuu na mkeo Brenda hajambo. Huku sisi wazima. Mama miguu inamsumbua tangu baridi ianze, ila chakula anakula na bado anagombana na redio. Basi salamu zimetosha, maana nimekasirika.

Mwanao Kelsey alikuwa hapa. Alikuja kama mtalii, akalala hotelini kule juu karibu na ukuta wa zamani, akapiga picha mizinga na farasi kama wageni wote, na hakuthubutu kubisha hodi kwa bibi yake mzaa baba.

Nilimkuta dukani kwangu. Aliomba pai ya sukari kwa Kifaransa, polepole, kila neno analipima kwanza. Unaijua tabia yetu: msichana wangu wa kaunta alisikia lafudhi tu, akamgeuzia Kiingereza kabla hajamaliza. Eti ndiyo kumsaidia mgeni. Mtoto akawa mwekundu. Nikaitazama ile pua, pua ya marehemu baba, nikamuuliza yeye ni wa nani.

Alipokutaja alilia mbele ya wateja, Réjean. Amejifunza Kifaransa mwaka mzima, jioni baada ya kazi, na mji mzima umemjibu Kiingereza. Alikuwa akipita mtaani kwetu na kuangalia dirisha la Mama. Nikamuuliza kwa nini hakubisha, ndipo akanieleza ulichomlisha tangu utotoni: kwamba Mama alikataa kupokea wajukuu wanaosema Kiingereza.

Huna haya hata kidogo. Mama yupi huyo? Huyu anayewawekea wanao sahani mezani kila mkesha wa Krismasi mpaka leo? Ulioa huko kwa wasema Kiingereza, ukaona uvivu wa safari na uvivu wa kuwafundisha wanao, ukatafuta wa kumsingizia, ukampata mama yako mzazi.

Nilifunga duka, nikampeleka. Alipoanza Kifaransa chake nikadakia kumsaidia, Mama akanikatiza.

"Ghislaine, hebu funga mdomo. Mwache akosee, ananikosea mimi, si wewe."

Wakaongea mchana kutwa, wamekumbatiana kwenye kochi. Mwishowe Kelsey akauliza lile lililomleta: kwa nini bibi aliwakataa. Nikasema moyoni, leo Réjean umekwisha. Mama akamshika mkono.

"Ni kweli nilisema, mjukuu wangu. Nilikuwa na kichwa kigumu. Nisamehe."

Hakusema hata siku moja! Wewe unajua na mimi najua. Nilimfuata jikoni nikiwa nachemka, akaniambia bila hata kugeuka.

"Ana baba mmoja tu. Mwache amheshimu."

Kelsey ameondoka akiwa amemsamehe Mama. Mimi nimekatazwa kumwambia ukweli, na nimeapa. Wewe hakuna aliyekukataza.

Nisalimie Brenda na mwanao Tyler. Kelsey usimpe salamu zangu. Ukikaa naye una mengine ya kumwambia. Mungu awalinde nyote, na Mama amweke hai mpaka ufike.

Dada yako akupendaye, na leo ni kwa shida,
Ghislaine