Kaburi la Zizini

Jumatatu, 6 Mei
Mizani tangu saa moja asubuhi. Mkonge mbovu, matita mepesi, wakataji wananinunia kana kwamba kilo nazila mimi. Mchana nikapita nyuma ya kambi wanapochimba choo kipya. Tabaka la juu shimoni, kibao cha shamba la serikali. Chini yake vigae vya Mgiriki, chupa nene ya Mjerumani, halafu majivu na ushanga mwekundu. Mji mzima wa chifu wetu wa zamani umo kwenye shimo la choo. Wachimbaji wamecheka. Mimi sikucheka.

Jumatano, 8 Mei
Mkutano. Serikali imeuza shamba. Mmiliki mpya atang'oa mkonge wa kilimani ajenge ghala. Mpimaji wake, mtu mpole tu, ametuambia mwenye kaburi huko aweke alama yenye jina kabla ya Ijumaa saa nne. Lisilo na jina, trekta litapita juu yake.
Chakula kimenishinda.

Alhamisi, 9 Mei
Kwa mdomo sitasema, kwa hiyo naandika. Chifu alizikwa ndani ya zizi lake, huko huko kilimani, ng'ombe wakapitishwa juu mpaka ardhi ikawa sawa, adui asije akamfukua. Mahali penyewe anapajua mtu mmoja tu. Mjomba alinionyesha mimi, mtoto wa dada yake, kama ilivyo kwetu Wazigua. Akaniapisha: nisiseme, nisihame. Akafa zake.
Miaka tisa sasa. Mume wangu alipohama sikuweza kumfuata. Dada yangu mkubwa anauza wali stendi ya Mombo, ananiita kila mara tusaidiane. Nasingizia magoti.
Nikisema, nimevunja kiapo. Nikinyamaza, trekta. Leo namchukia mjomba.

Ijumaa, 10 Mei
Nimefanya. Saa tatu nilikuwa kilimani na mawe saba na kibao. Mpimaji akaja na daftari.
"Pole, mama. Hapa amelala nani?"
"Mwanangu. Zaina."
Akaandika. Akazungusha kamba.
Zaina hayupo pale. Aliishi siku nne tu, miaka kumi na moja iliyopita. Baba yake na ndugu zake walimpeleka kumzika kwao Bungu, mimi bado sijaweza kusimama. Hakuna aliyewahi kunionyesha kaburi. Na leo nimemwazima chifu jina la mwanangu. Naona aibu.

Jumamosi, 11 Mei
Majirani sikuwafikiria. Wanawake wa kambi wamekuja na mikeka na sufuria ya uji.
"Mbona ulituficha, mwenzetu?" ameuliza Mama Rajabu, tunayetenganishwa naye na ukuta mmoja.
Wamesoma dua. Nimeitikia amina kwenye uongo wangu mwenyewe. Mama Rajabu kasema sasa ndiyo anaelewa kwa nini siendi Mombo. Mama gani amwache mtoto wake peke yake?
Basi. Jana ningeweza kutoroka na asijue mtu. Leo kambi nzima inanichunga.

Ijumaa, 24 Mei
Trekta kutwa. Kilima kiko kitupu. Imebaki kamba na mawe yangu saba. Mpimaji kanipungia mkono, kama mtu aliyenifanyia wema. Na kweli kanifanyia.

Jumapili, 26 Mei
Nimepanda na jembe kupalilia, watu waone. Hakukuwa na mtu. Chini ya jiwe la tatu umetoka ushanga mwekundu, nikaurudisha. Nikaanza kumwambia Zaina habari za mizani, na kwamba mama yake mkubwa anauza wali Mombo. Sijui nilianzaje. Nimelia sana, kilio cha miaka kumi na moja, na sikuwa nadanganya.
Nimerudi, nimepika ugali na mlenda. Halafu nimemwandikia dada kwamba siji. Magoti sikuyataja.