Siku Uliponirudisha Jela

Min Atieno, mama wa Atieno wetu, mke wangu uliyetangulia mbele ya haki,

Leo nimetundika mahindi juu ya meko, nikacheka peke yangu kama mwendawazimu. Ni wewe umenichekesha.

Uhuru ulikuwa bado mbichi, na mimi nikafungwa miezi tisa kule Homa Bay kwa kupika chang'aa, pombe ya haramu. Wewe ukatundika mahindi tisa kwenye moshi. Kila mwezi ukiandama unashusha hindi moja, unawachemshia watoto. Hiyo ndiyo ilikuwa kalenda yako.

Basi nikafika nyumbani Ndhiwa mahindi matatu yangali yananing'inia. Nilitegemea kukumbatiwa. Ukashika mwiko.

"Baba Atieno, umetoroka!"

"Nimeachiliwa, mama. Sheria inapunguza theluthi ya kifungo kwa mfungwa mwenye tabia nzuri."

"Wewe? Tabia nzuri?"

Nikatoa karatasi yangu ya kuachiliwa. Ukaiangalia kama nzi kwenye uji. "Si ni wewe uliyemwandikia mbuzi wetu cheti cha ubatizo?"

Nikaikunja karatasi yangu, nikairudisha mfukoni.

Ulikuwa umesikia mtoro akishikwa anaongezewa miaka, na watoto walikuwa wanne, wadogo. Kwa hiyo asubuhi ukanitanguliza kama ng'ombe wa mnada, tukatembea mpaka lango la jela. Sijui mtu mwingine aliyebisha jela akakataliwa.

"Mama, huyu amemaliza," sajini alisema.

"Hesabu tena. Kwangu kuna mahindi matatu."

Sajini, mtu wa subira kweli, akaleta kitabu cha sheria, akakusomea polepole. Mfungwa akifanya kazi na kushika adabu, theluthi ni yake, si zawadi ya mkubwa yeyote.

"Na huyu alishika adabu?"

"Sana, mama."

"Mlimpa dawa gani? Mnigawie."

Askari wakacheka mpaka kofia zikaanguka. Wewe ukakaa chini kwenye nyasi, ukalia, kisha ukanishika mkono mbele ya watu, jambo ambalo hukulifanya hata siku ya harusi.

"Nilijua watakuja kukuchukua tena," ulisema.

Nikikumbuka mkono ule, mpaka leo kifua kinafunguka. Jioni ukachemsha mahindi yote matatu kwa mpigo. Yalikuwa magumu kama kokoto, tukayatafuna hivyo hivyo.

Siku hizi magoti yanagoma na daktari ananitikisia kichwa. Sina hofu. Ila nikibisha huko kwako kabla ya siku yangu, tafadhali, usiniulize karatasi. Fungua tu.

Mumeo, mwenye adabu ya jela tu,
Baba Atieno