Chumvi ya Mtani

Alhamisi, 1 Juni 1916

Nimekanda tangu alfajiri. Unga wa ngano umekwisha, sasa ni nusu muhogo, nusu mtama. Mkate unatoka mweusi na mgumu, na yule bibi wa Kidachi, mke wa Mjerumani wa boma, ananikunjia uso kama mimi ndiye niliyeleta vita. Shauri yake.

Leo hakuna agizo la mikate mikavu. Afadhali. Wadachi wakitaka kupanda mlimani kukamata wapagazi, huniagiza kwanza mikate ya kukaushwa, ya safari. Hapo najua. Mama Tausi akija jikoni bomani kuuza mboga namnong'oneza, naye akirudi kijijini kwao Bigwa, juu mlimani, anapeleka habari. Askari wakifika wanakuta vikongwe na kuku.

Damasi wangu yuko huko juu, pangoni, na wenzake. Kaka pekee niliyebaki naye. Waliochukuliwa mwaka jana kubeba mizigo ya jeshi hajarudi hata mmoja.

Jumapili, 4 Juni

Wamemkosa padogo.

Ijumaa niliagizwa mikate mikavu, nikamwambia Mama Tausi. Jana askari wakapanda, wakaenda moja kwa moja hadi pangoni bila kuuliza njia. Makaa yalikuwa bado mekundu. Damasi na wenzake wametimkia bondeni, wamelala kwenye matope.

Kuna mtu anasema.

Misani sikusikia neno. Nilikuwa natazama migongo ya watu. Nani? Juma mpishi wa bomani ni mtu wa pwani, mdomo anao, lakini pango halijui. Wifi? Ana mimba ya Damasi, hawezi. Mama Tausi je? Amevaa kaniki mpya. Mji mzima tunavaa viraka, wengine magome ya miti, yeye kaniki mpya. Kaitoa wapi?

Jumanne, 6 Juni

Mloka kapita, mtani wetu. Kaingia uani bila hodi, kakamata kuku wangu anayetaga, kamtia kwapani. Ukoo wao na wetu ni watani tangu mababu. Anachukua, anatukana, na mimi sina ruhusa ya kununa. Nikifa yeye ndiye atakayenichimbia kaburi.

Kaenda kusimama kisimani mbele ya wanawake wote, kapaza sauti: "Paulina, kaka yako nitampeleka bomani mwenyewe! Anipe mzungu chumvi, nimechoka kula mboga chapwa!" Wanawake walicheka hadi mitungi ikamwagika. Mimi nikamjibu kwamba hata boma halimtaki, ananuka tumbaku.

Nimecheka leo. Wiki nzima sijacheka.

Alhamisi, 8 Juni

Mama Tausi kaniuliza, "Damasi anakula nini huko, mwanangu?" Nikajibu sijui.

Kwa nini anauliza? Mtu anayetaka kujua chakula kinapitia wapi ndiye anayeuliza hivyo. Nilimwamkia shikamoo kwa adabu zote, moyoni namwona nyoka. Nimenunua mchicha wake, nimeutupa.

Jumamosi, 10 Juni

Mikate mikavu imeagizwa. Mingi. Wanasema Waingereza wanakuja kutoka kaskazini na jeshi litahama, mizigo ni mingi kuliko migongo.

Mama Tausi alikuja na kikapu chake. Sikumwambia kitu. Alisimama mlangoni akingoja, ananitazama, mimi nakanda tu. Akaondoka.

Nikamtafuta Mloka. Mtani hawezi kukudhuru, hilo hata mtoto analijua. Nikamwambia awahi bondeni, awaambie Damasi na wenzake wahamie upande wa Lupanga, kwenye msitu wa juu, na wasiwashe moto. Kwa mara ya kwanza maishani mwake hakunitania. Kasema, "Haya, dada," kashika njia. Nimefurahi kuona anajua kazi na mchezo ni vitu viwili.

Jumatatu, 12 Juni

Vijana wa mlimani wameshushwa. Wamefungwa kamba shingoni, mmoja nyuma ya mwenzake, wanapitishwa njia ya stesheni. Nilitoka na unga mikononi.

Damasi hayumo. Alikimbia. Wamempiga risasi huko huko Lupanga.

Kibwana yumo, mwana wa mwisho wa Mama Tausi, kakamatwa nyumbani kwao, huko hawakupata habari. Mama yake alikuwa anakimbia pembeni ya mstari, anaita, anasukumwa na kitako cha bunduki, anainuka, anaita tena. Kaniki ile imechanika. Mwanamke mmoja kasema, masikini, kaniki ya mahari ya binti yake Tausi.

Ya mahari. Ee Mungu wangu.

Jumanne, 13 Juni

Lupanga nilimtajia mtu mmoja tu.

Nimemuuliza Juma, kijuujuu, kama amewahi kumwona Mloka bomani. Kasema ndiyo, Jumamosi jioni, katoka kwa mzungu na mfuko wa chumvi. Tena kashangaa nauliza nini. "Si alisema mwenyewe kisimani?"

Alisema. Mchana kweupe, mbele ya watu, na tukacheka kwa sababu ni mtani.

Namchukia. Najichukia zaidi. Bomani hawajanigusa, maana yake hajanitaja. Huruma hiyo siiamini. Kaniweka akiba. Nikimtaja kwa wajomba watamuua, na boma litauliza kwa nini, na jibu ni mimi na mikate yangu.

Jumatano, 14 Juni

Tumemzika Damasi.

Mloka kaja na jembe. Ndiye mtani, nani mwingine achimbe? Kachimba kina kirefu, kuta zimenyooka. Watani wengine waliiga mwendo wa marehemu, wakadai deni la pombe kwa maiti, watu wakacheka na kulia kama ilivyo desturi. Yeye kimya. Wajomba wakamsifu. Wakasema mtazameni Mloka, uchungu umemziba mdomo.

Kisha mjomba kanikabidhi jogoo, haki ya mchimba kaburi, nimpe mimi kwa kuwa mimi ndiye dada. Nilimpa. Kapokea kwa mikono miwili, hakuniangalia. Nilitaka kupiga ukelele. Nilinawa mikono mara nyingi na bado inanuka udongo.

Ijumaa, 16 Juni

Matanga. Mama Tausi yuko hapa tangu juzi, anapika, anafagia, analala chini na wafiwa. Kibwana amepandishwa gari moshi, hakuna anayejua kapelekwa wapi. Mama yake analia kidogo, anarudi kwenye sufuria.

Leo tulikaa wawili uani tunachambua mboga. Kaniambia polepole, bila kuinua macho, "Jumamosi ile, mwanangu, hukuniambia kwa sababu nawe hukujua, eeh?"

Nikasema, "Sikujua, mama."

"Nilijua tu," kasema. "Ungejua, ungeniambia."

Kanisogezea fungu langu la mchicha, tukaendelea kuchambua.