Mama Yako Alivyozeeshwa na Sinema

Chumba cha Cherehani,
Nyumba ya Kona, ghorofa ya chini,
Machi 9.

Mwanangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka kwangu mama yako mdogo, na kutoka kwa baba yako mdogo anayekohoakohoa hapa pembeni nisije nikasahau kumtaja. Hujambo? Kile kifua kimepoa? Na wakwe zako, wazima? Sisi hatujambo. Goti langu la kushoto linanikumbusha kila asubuhi kwamba nimekanyaga cherehani miaka thelathini, lakini halijanizuia kula wala kucheka.

Barua yako niliipata Jumatatu. Umeniuliza jambo moja tu: nikuambie ukweli kama mama yako ameanza kupotewa. Ningekupigia simu, ila wewe kwenye simu hunikatiza kabla sijafika katikati. Basi kaa kitako usome.

Yule uliyemwona kwenye tangazo la sinema, anayetetemeka na kulia "Sikumbuki, mwanangu, sikumbuki", ni mama yako kweli. Lakini alikuwa kazini.

Watu wa filamu walikuja mwaka jana mwezi wa nane, wakakodi ghorofa ya pili ya nyumba yetu. Picha yenyewe ni zile za kusisimua, mauaji na kukimbizana. Mimi walinipa kushona, na hapo ndipo nilipoanza kuona mambo. Msichana anayekimbizwa nilimshonea gauni lilelile mara nne: moja safi, moja la kupakwa matope, moja la kuchanika bega, na moja la kuchanika bega pamoja na pindo. Mpelelezi nilimshonea koti moja, mwanzo hadi mwisho, wala halikung'oka kifungo. Nikamuuliza mwongozaji, mbona mwanamume hachaniki? Akacheka, akaniambia nishone.

Bibi waliyempanga aigize shahidi mzee akaugua. Wakamwona mama yako akishuka ngazi na beseni la nguo za kuanika, wakamwomba. Alikubali kwa furaha, usimwonee huruma. Kumbe hakuwa mzee wa kutosha! Walimpaka unga kichwani kuongeza mvi, wakampa mkongojo, wakamfundisha kupinda mgongo. Mama yako huyu huyu, anayepanda hadi ghorofa ya nne bila kugusa ukuta. Na mpelelezi, mwanangu, ana miaka hamsini na minane; alinitajia mwenyewe nilipokuwa nampima kiuno, na bado ndani ya filamu anapendwa na yule msichana wa magauni manne. Mvi zake waliziacha zing'ae, maana kwa mwanamume ni za busara. Za mama yako zilikuwa za kusahau.

Kazi yake ilikuwa hivi. Ameliona gari la muuaji kupitia dirishani. Mpelelezi anakuja kumuuliza namba, yeye anatetemeka, hakumbuki, anaangusha kikombe. Ukurasa unaofuata anauawa, na hakuna anayemlilia.

Mara ya kwanza alifanya kama walivyotaka. Bahati mbaya kivuli cha kipaza sauti kikaonekana ukutani, wakasema irudiwe. Mama yako akamwita mwongozaji pembeni.

"Mwanangu, mimi nimekuwa opereta wa simu miaka thelathini na mmoja. Namba ikiingia kwenye sikio hili haitoki. Huyu bibi asahau kwa nini?"

"Ndivyo watu wanavyotarajia, bibi. Wewe tetemeka tu."

"Haya."

Kamera ikawashwa. Mpelelezi akauliza. Mama yako akaweka kikombe mezani taratibu, akanyoosha mgongo, akasema kwa ile sauti yake ya kazini, "Tisa sifuri nne, saba saba moja. Taa ya nyuma ya kushoto imevunjika. Andika." Mpelelezi kalamu ikamponyoka kwelikweli. Mimi nyuma ya mlango, sindano mdomoni, nusura niimeze. Mwongozaji akakuna kidevu, akasema imekaa vizuri kuliko ile ya kwanza, ataiacha.

Ila ile ya kwanza hawakuitupa. Wakakata kivuli, wakaitia kwenye tangazo, kwa kuwa bibi anayelia huvuta watu. Likasambaa kwenye simu za watu kama moto wa nyasi, likamfikia kaka yako kazini kwake, likakufikia na wewe.

Jumamosi moja kaka yako akaja na masanduku mawili matupu. Mama yako alikuwa anapiga pasi, nami nilikuwa namkunjia.

"Mama, twende ukakae kwangu. Hivi vyumba tutavirudisha kwa mwenye nyumba."

"Nimekosa nini?"

"Hujakosa. Ni umri tu. Watu wanakuona kwenye simu zao, wananipa pole."

"Ile ni sinema, baba."

"Najua. Lakini hukuonekana kama unaigiza."

Kwa mwigizaji hiyo ni sifa. Kwa mama ilikuwa kisu. Masanduku akayaacha nyuma ya mlango ili mama yako ayajaze polepole, na wewe ukamuunga mkono kwa barua. Sikulaumu, macho hayana pazia.

Lililoniuma ni lililofuata. Mama yako akaanza kubandika vikaratasi. Zima jiko. Funguo ziko mfukoni. Siku moja akashuka kwangu, akakaa kwenye kiti cha wateja, akaniuliza, "Mdogo wangu, wewe ungeniambia, sivyo?" Nikamjibu, "Ningekuambia." Wakati wa kupanda nikamwona anashika ukuta.

Mwezi uliopita filamu ikaonyeshwa. Tulikwenda watatu, saa nane mchana, kaka yako tumemweka katikati. Mama yako alipotaja namba, watu walipiga makofi. Sasa sikiliza kichekesho. Sehemu zilizofuata zilikuwa zimekwisha kupigwa kabla, hakuna aliyezibadilisha. Mpelelezi kaambiwa namba, na bado nusu saa nzima anaitafuta! Anapekua gereji, anampiga makofi kijana mwenye koti la kofia ambaye kosa lake ni kuwa kijana mwenye koti la kofia. Mtu akapiga kelele kutoka viti vya nyuma, "Bibi ameshakwambia!" Ukumbi ukaangua kicheko. Tangu hapo kila akikuna kichwa wanamwitikia, "Muulize bibi!" Na bibi wa watu alikwishanyongwa zamani. Mama yako alicheka mpaka akajifuta machozi kwa ncha ya kitambaa.

Kaka yako hakucheka. Alimwinamia, akauliza kwa sauti ya chini, "Mama, ile namba walikuandikia wao?"

"Hapana."

"Ni ya gari langu la kwanza."

"Na taa uliivunja wewe, ukasingizia mbuzi."

Gari hilo liliuzwa miaka kumi na saba iliyopita. Mwanamume mzima akainama, akawa anatafuta sakafuni kitu ambacho hakikudondoka.

Kesho yake alikuja kuchukua masanduku. Hakusema mengi, na mama yako hakumdai maneno; alimpa chakula, akala, akaondoka. Vikaratasi vimebanduliwa vyote isipokuwa cha jiko, maana jiko hata mimi hulisahau.

Kwa hiyo mwandikie mama yako, na umwandikie kama mtu mwenye akili zake. Mweleze matatizo yako, muombe ushauri, mbishie. Hicho ndicho alichokikosa miezi hii.

Jambo moja zaidi. Mwongozaji amepiga simu. Ana filamu nyingine, anatafuta bibi wa kunyongwa mwanzoni. Mama yako amekataa kunyongwa. Anataka yeye ndiye awe muuaji, kwa kuwa hakuna atakayemshuku. Mwongozaji kasema atafikiria. Mama yako kamwambia afikirie upesi, yeye ana miaka sitini na tisa.

Baba yako mdogo anakusalimu sana. Kaka yako naye anakusalimu, ingawa kwa aibu. Nisalimie mume wako na mama mkwe wako, na yule mdogo mbusu mashavu yote mawili. Mungu awafunike kwa mkono wake, awape afya na usingizi mnono.

Wako akupendaye siku zote,
Mama yako mdogo