Swali Walilouliza Kuhusu Wewe

Tati Siding,
Botswana.
15 Julai 2012

Kaka Mbiganyi,

Nakuamkia kwa heshima, nikikuona moyoni umeketi kwenye jua nje ya jiko kama ulivyozoea miezi hii ya baridi, na nikitumaini mgongo unakuruhusu kuketi. Wifi naye jino limetulia, au bado anabisha kwenda kung'olewa? Sisi huku wazima. Wapwa zako wamerefuka. Ndulamo sasa anavaa viatu vya marehemu baba yake na havimpwayi. BakaZibani, mama mkwe wangu, kifua kimembana wiki hii, lakini ulimi wake hauna ugonjwa wowote.

Barua hii anakuletea Senzeni, rafiki yangu wa kanisani, anayekuja Dombodema kwenye harusi ya mdogo wake. Ningepiga simu, ila wewe kwenye simu husema "sawa, sawa" kabla mtu hajafika katikati, na jambo hili nataka ulipate lote. Naomba uisome mpaka mwisho, hata ukikasirika njiani.

Ujumbe wako wa Pasaka niliupata. Ulisema msiba umekwisha, nguo nyeusi nimevua, sasa nirudi nyumbani na watoto; nyumba ya mama ipo na paa umelitengeneza. Nililia, kaka, kwa kuwa najua ulipanda kwenye paa lile na mgongo huohuo. Kisha sikukujibu. Sikukupuuza. Kulikuwa na jambo nililokwisha kulianza, na nilitaka kwanza nijue lingeishia wapi.

Zibani alipofariki, sikujua kwamba kibali changu cha kuishi huku nacho kilikuwa kimezikwa pamoja naye. Nilikwenda kukiongeza kama kawaida. Binti wa dirishani akanieleza kwa upole kwamba kibali cha mke hakiongezwi mume akiwa hayupo tena. Kikiisha, niombe kingine kwa sababu nyingine, au nirudi kwetu. Nikamuuliza, na watoto je? Akasema watoto ni raia, wao hawana tatizo lolote. Alidhani ananifariji.

Baba wadogo wa Zibani wakakaa kikao. Wakasema huyu mwanamke ametuuguzia mtoto wetu vizuri, ashukuriwe, apewe blanketi na mbuzi, asindikizwe kwao. Watoto wabaki wamalize shule. Mimi nilikuwa nje nachambua mboga na nikawa nasikia kila neno. BakaZibani, ambaye tangu siku niliyoingia katika ua huu ananiita mkwerekwere, jina lile wanalotuita wageni wakitaka kutuuma, akawaambia: "Huyu mkwerekwere ni wangu. Nimemtukana miaka yote hii, nimeshamzoea. Mkimrudisha, nani kati yenu atakuja kuniogesha?" Wakacheka, na maneno yakaishia hapo. Kesho yake akaja kusimama kando ya cherehani yangu nikishona sare za shule, akasema bila kunitazama, "Kaombe uraia. Mbele ya chifu nitasema nakujua."

Ndipo nikaanza kwenda Jumamosi kwenye ukumbi wa kanisa, ambako mzee mmoja anayeitwa Moatlhodi, aliyestaafu kazi ya uhamiaji, hukaa na wageni na kujibu maswali yao bure. Ungecheka, kaka. Kijana mmoja fundi wa simu alimwuliza kama mtu akioa binti wa huku anapewa uraia papo hapo. Mzee akamjibu, "Papo hapo unapewa mama mkwe. Uraia unasubiri." Mama mmoja Mzambia akauliza kama akienda kwao kuzika na akachelewa kurudi, miaka yake ya kuishi huku inaanza kuhesabiwa upya. Akaambiwa safari fupi haina shida, ila asitoweke muda mrefu bila kuwaarifu. Mwingine alitaka kujua kama ukikataliwa wanakukamata hapohapo mlangoni. Hapana, akasema mzee, utakwenda nyumbani kwa miguu yako, na unaweza kuomba tena.

Mimi niliuliza mawili. La kwanza, kama naweza kuhojiwa kwa Kikalanga chetu, maana Kitswana changu ni cha sokoni. Akasema sheria inakubali Kitswana au lugha yoyote ya makabila ya nchi hii, na Kikalanga ni cha hapa tangu kabla ya mpaka. Jambo hilo nilirudi nalo nyumbani nikiligeuzageuza. Watu wa huku walikuja kwetu kuomba mvua, sisi tukaja huku kuoa na kuolewa, na waliochora ule mstari hawakumuuliza yeyote kati yetu.

La pili niliuliza kwa sauti ndogo: je, ni lazima niuache wa kwetu? Mzee akavua kofia, akaiweka gotini. "Ni lazima, mwanangu. Nchi hii haimruhusu mtu mzima awe na uraia wa nchi mbili. Utakula kiapo, na ule wa kwanza utaukana kwa saini yako." Hata yule fundi wa simu aliacha kutabasamu.

Siku nyingine mzee akatutahadharisha kwamba kwenye mahojiano tunaweza kuulizwa kama tuna ndugu wa damu aliyewahi kuondolewa nchini. Senzeni alikuwa pembeni yangu, na anakujua. Tulipotoka akanishika mkono, akaniambia, "Wewe huna kaka. Au unaye, yuko Johannesburg, hamjaonana miaka. Nani atakwenda kuchimba?" Nikamwambia nitafikiri.

Nilifikiri, kaka. Nilikumbuka wiki ile ya kabla ya Krismasi, polisi walipokukuta unapiga lipu ukuta wa nyumba ya yule mwalimu. Nilikimbia mpaka kituoni na mkate na sweta la Zibani, nikakukuta tayari uko juu ya lori pamoja na wenzako, saruji imekukaukia mpaka kwenye nyusi. Ulipokea mkate ukawagawia walio karibu. Ukaniambia kwa Kikalanga nisilie mbele yao. Lori likaondoka kwenda Plumtree, mpakani, na wewe tangu siku ile ukaapa kwamba nchi hii hutaikanyaga tena. Harusi yangu ya kanisani hukuja. Mazishi ya Zibani hukuja. Ulisimama upande wa kwetu wa mpaka, ukampa wifi ubani auvushe. Sikukulaumu hata siku moja.

Sasa nikajiuliza: nchi naweza kuikana kwa saini, kwa sababu sheria inataka. Je, na kaka yangu nimkane, wakati hakuna sheria iliyoniagiza?

Siku ya mahojiano BakaZibani alinisindikiza hadi Francistown akiwa amevaa shali yake ya misa. Ndani walikuwa watatu, na katikati aliketi mama mmoja mwenye miwani, Bi Keabetswe. Nikasema nitazungumza Kikalanga. Mmoja wao, Mkalanga wa hukuhuku, akatabasamu akasema matamshi yangu ni ya ng'ambo ile. Nikamjibu kwamba na ya bibi yake huenda yalikuwa hivyohivyo. Akacheka, nami nikapumua. Waliniuliza jina la chifu wa kijiji changu, rangi ya buluu katika bendera ina maana gani, mtu akifiwa jirani mimi hufanya nini. Nikasema naenda kupika. Mtu akifiwa hakuna la kujifunza, unashika mwiko.

Kisha Bi Keabetswe akauliza kama nina ndugu aliyewahi kuondolewa nchini.

"Ndiyo," nikasema. "Kaka yangu."

"Alifanya nini?"

"Alikuwa anapiga lipu."

"Nauliza kosa lake."

"Hakuwa na kibali. Kazi yake ilikuwa lipu, na ukuta ule bado umesimama."

Yule Mkalanga akatazama chini. Bi Keabetswe akaendelea kunitazama mimi. Akaniuliza kama bado nina uchungu. Nilijua jibu ambalo Senzeni angetaka nilitoe. Nikasema ndiyo, ninao. Walimchukua bila hata kumruhusu anawe.

"Sasa kama una uchungu na nchi hii, kwa nini unataka iwe yako?"

Kaka, jibu hilo sikuwa nimeliandaa. Lilitoka lenyewe. Nikamwambia, "Nina uchungu na watu wengi ninaoishi nao, mama. Sijawahama."

Akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya blauzi muda mrefu kuliko ilivyohitaji. Akaniuliza jina lako. Nilisita hapo, nisikufiche. Niliogopa jina lako lisije likakuletea shida tena. Lakini nikalitaja, lako na la baba, kama linavyotajwa nyumbani. Akaniuliza kama ulirudi tena baada ya siku ile. Nikasema hapana, unalima Dombodema, na hutaki. Akasema, "Basi, nenda. Utaitwa." Nje nilimsimulia BakaZibani yote. Akasema, "Umejiharibia," kisha akaninunulia maandazi mawili ya moto, haya ya huku wanayoyaita magwinya, na chai, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

Ukapita ukimya mrefu. Nilidhani kweli nimejiharibia. Nilianza hata kumuuliza mwanangu Bokani, kama utani, kama angeweza kukaa na bibi yake peke yake. Hakucheka. Alienda akafungia pasi yangu ya kusafiria kabatini, akaficha ufunguo, nami nikajifanya sikuona.

Sasa nafika kwenye lile nililokuwa nalizunguka. Waliniita. Wiki ileile uliyoniletea habari ya paa, nilikuwa nimekwisha kuambiwa nimekubaliwa. Ningeweza kusimama hapo. Ningeweza kukupigia, nikakuambia kaka, nakuja. Badala yake nilipanda basi mpaka Gaborone, nikaenda ubalozini kwetu, nikaukana uraia wa Zimbabwe kwa mkono wangu. Kijana aliyepokea pasi yangu aliniuliza kama nina hakika. Nikasema ninayo, na sauti haikutetemeka, na hiyo ndiyo iliyoniumiza kuliko kama ingetetemeka. Mwezi Mei nikala kiapo. Dada yako ni raia wa nchi iliyokupandisha lori.

Siombi unisamehe, kwa kuwa sijutii, na ningekuwa nakudanganya. Nataka tu ulijue kutoka kwangu, na ujue kwamba sikuingia kwa kukuficha. Nimeingia na jina lako limetajwa.

Siku ya kiapo BakaZibani aliketi mstari wa mbele. Tukiwa njiani kurudi akasema, "Sasa nitakuita nani mimi?" Nikamwambia aendelee tu kuniita vilevile. Akasema haitakuwa na ladha tena.

Mzee Moatlhodi anasema jambo lako ni la zamani sana, na kwamba ukitaka unaweza kupita getini kwa pasi yako kama mgeni yeyote. Nakuletea habari hiyo kama ilivyo. Sikuombi uje. Kiapo chako ni chako, kama changu kilivyo changu.

Mimi nitakuja. Shule zikifunga Agosti naja na watoto wote wawili, tukasafishe kaburi la mama na Ndulamo akuone uso kwa uso. Mpelekee wifi salamu zangu, na jirani zetu wote wa pale kisimani, na ukipita kwa mama kabla yangu, mwambie mwenyewe habari hizi kwa maneno utakayoona yanafaa. BakaZibani anakusalimu pia. Anasema mtu aliyekataa kuja kula ng'ombe wa harusi ya mwanawe bado anamdai maelezo.

Pale Plumtree nitasimama kwenye foleni ya wageni, kaka, mara ya kwanza maishani mwangu. Dirishani wataniuliza nakwenda kwa nani, na nitakaa siku ngapi. La kwanza nitalijibu bila kufikiri. La pili nasubiri uniambie wewe.

Mdogo wako,
Tjedza